ALIZALIWA BILA KIGANJA CHA KULIA, AKAENDA KURUSHA MPIRA YANKEE STADIUM

Mwishoni mwa Agosti 1993, mjini Cleveland kule Marekani, kuna mwanaume mmoja mrefu alikuwa anakimbia barabarani peke yake. Hakuna aliyekuwa anamfukuza. Na kama ungemsogelea ukamwuliza anafanya nini pale, huenda asingekujibu vizuri, maana muda huohuo wenzake walikuwa uwanjani na mechi inaendelea.

Dakika chache kabla, jamaa alikuwa katikati ya uwanja huohuo na jezi ya New York Yankees. Alichezea kichapo cha mbwa koko. Hiti 10, mikimbio 7, na hata raundi ya nne hakuimaliza. Kocha akatoka kwenye benchi, akamfuata taratibu, akachukua mpira mkononi mwake, na kwenye mchezo ule hiyo ndiyo lugha ya "pumzika, tumeona inatosha". Akaingia vyumbani, akabadilisha nguo, akatoka nje ya uwanja na kuanza kukimbia. Mchezaji kuondoka uwanjani wakati timu yake bado inacheza ni kosa, na yeye alilijua. Lakini kuna siku mtu anajisikia kwamba akikaa chini atapasuka.

Sasa kabla hujasema "ah, wachezaji na viburi vyao", ongeza hili. Jamaa huyo hakuwa na kiganja cha mkono wa kulia. Alizaliwa hivyo. Mkono wake wa kulia uliishia pale ambapo mikono ya wengine ndio kwanza inaanza kuwa na kazi. Na kazi yake yeye, iliyokuwa inampa mshahara, ilikuwa ni kurusha mpira.

Anaitwa Jim Abbott.

Kwa wasiofuatilia besiboli, twende polepole kidogo. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo (gongo la mbao, wadau, siyo lile la kwenye chupa). Mrushaji anavurumisha mpira kwa spidi ya gari lililo barabara kuu na dereva kalewa. Mpigaji akiupata, ule mpira unaweza kurudi ulikotoka kwa kasi kubwa kuliko iliyoupeleka. Ndiyo maana kila mrushaji ana mkono mmoja wa kurushia, na mwingine una glavu ya ngozi ya kudakia na kujikinga. Mikono miwili, kazi mbili. Hiyo ndiyo hesabu ya mchezo wote.

Abbott alikuwa na mkono mmoja kwa kazi zote mbili.

Alizaliwa mwaka 1967 na kukulia Flint, jimbo la Michigan, mji wa viwanda vya magari. Wazazi wake walikuwa na miaka 18 tu. Yaani watoto wawili wamepata mtoto, halafu mtoto mwenyewe ana hali ambayo hakuna aliyewaandaa nayo. Alipokuwa mdogo walimwekea mkono wa bandia, ule wenye ndoano ya chuma mbele. Aliuchukia ile mbaya. Watoto wenzake waliuogopa, na yeye kila akijaribu kucheza nao ile chuma inamtenga. Kabla hajafikia umri wa kusoma vizuri alikuwa ameshaachana nao, na wazazi hawakumlazimisha. Pengine huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye stori hii, na uliamuliwa na vijana wawili ambao wala hawakuwa na uhakika kama wanapatia.

Baba akamtoa nje kucheza. Hakumtafutia mchezo wa "watu kama yeye". Alimpa mpira. Na kwa kuwa hakuna kocha aliyewahi kumfundisha mtu wa aina ile, ilibidi wao wenyewe watunge mbinu.

Mbinu yenyewe ni hii, na ukiisoma mara ya kwanza unaweza usiielewe. Anaweka glavu juu ya ncha ya mkono wa kulia, mdomo wa glavu umemwelekea. Anarusha mpira kwa mkono wa kushoto. Mguu unapotua tu, kabla hata mpira haujafika, mkono wa kushoto ulishachomekwa ndani ya glavu, tayari kudaka. Mpira ukirudi anaudaka. Halafu anaibana glavu kwapani kwa mkono wa kulia, anachomoa mkono wa kushoto ukiwa na mpira, anaurusha tena. Yote hayo kwa sekunde chache, huku mtu mwingine anakimbia kwa nguvu zake zote kuelekea besi.

Alijifunzia ukutani. Anarusha mpira kwenye ukuta wa matofali, unarudi, anaudaka. Akizoea anasogea karibu ili urudi haraka zaidi. Akikosa anauokota, anaanza upya. Miaka. Majirani walizoea ile sauti ya mpira na tofali, pu, pu, pu.

Shuleni walimjaribu, tena kwa njia ya kiroho mbaya kabisa. Kwenye besiboli kuna mtindo wa kutopiga mpira kwa nguvu, unaugusa tu kwa gongo unadondoka hatua chache mbele, ili mrushaji mwenyewe akimbie, ainame, auokote, arushe. Timu moja ikaona huyo dogo ndiyo saizi yake. Wapigaji wao wakafululiza kumgusia mipira, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alifanikiwa. Waliofuata aliwatoa wote. Baada ya hapo ule ujanja ukafa kifo cha kawaida.

Mwaka 1985 Toronto Blue Jays walimchagua, lakini raundi ya 36, ambayo ni sawa na kuambiwa "tumekuona, ila usituletee shida". Akakataa, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Hapo ndipo dunia ilipoanza kushtuka. Mwaka 1987 timu ya taifa ya Marekani ilienda Cuba, nchi ambayo besiboli iko kwenye damu, na jamaa akashinda mechi Havana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 25 Wamarekani kushinda kwenye ardhi ile. Mwaka huohuo alibeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Michezo ya Pan American, Indianapolis, na akapewa Tuzo ya Sullivan, ile ya mwanamichezo bora wa ridhaa Marekani. Hakuna mcheza besiboli aliyekuwa ameipata kabla yake.

Mwaka 1988 ikaja Olimpiki ya Seoul. Fainali dhidi ya Japani. Alirusha mechi nzima, mwanzo hadi mwisho, wakashinda 5-3. Besiboli mwaka ule ilikuwa mchezo wa maonyesho tu, kwa hiyo medali haikuhesabiwa kwenye jedwali rasmi. Lakini nenda kamwambie mtu aliyerundikiwa na wenzake katikati ya uwanja kwamba ile dhahabu haihesabiki, uone atakavyokuangalia.

California Angels walikuwa wameshamchagua mwaka huohuo, wa nane kwa nchi nzima. Na hapa ndipo midomo ilipofunguka. Kawaida kijana akisajiliwa anapelekwa ligi ndogo kwanza, anazunguka na mabasi miaka miwili mitatu, ndipo anapandishwa. Abbott alianza moja kwa moja Ligi Kuu, Aprili 1989. Wajuaji wakasema ni matangazo. Wakasema timu inataka kuuza tiketi kwa kuwaonyesha watu mlemavu. Mechi ya kwanza akafungwa na Seattle, na waandishi wa habari walikuwa wengi ungedhani ni fainali. Wakaandika walichoandika.

Msimu ulipoisha alikuwa ameshinda 12 na kupoteza 12. Kwa dogo wa miaka 21 ambaye hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi ndogo, hayo siyo matangazo. Hiyo ni kazi.

Kuna kitu kingine kilianza mwaka ule, na hakipo kwenye takwimu. Barua. Kila mji timu ilikoenda, kulikuwa na familia zinasubiri. Mama na mtoto asiye na vidole. Baba na binti mwenye mguu wa bandia. Barua zilikuja kwa mamia, na jamaa alizijibu. Kabla ya mechi, muda ambao mrushaji anatakiwa awe kimya anawaza kazi yake, yeye alikuwa amechuchumaa kwenye korido anaongea na mtoto wa miaka 6 kuhusu namna ya kufunga kamba za viatu.

Ni jambo zuri, na lilimwelemea pia. Hebu jiweke pale. Wewe umeamka asubuhi, una mechi, tumbo linakuuma kwa woga kama mtu yeyote. Unachotaka ni watu wakuongelee kama mrushaji. Lakini kila gazeti linaanza na mkono. Ukishinda, ni mkono. Ukifungwa, ni mkono. Na hao watoto wanaokusubiri mlangoni hawajali umefungwa ngapi, wao wanakuangalia kama ushahidi kwamba inawezekana. Ushahidi haurusiwi kuwa na siku mbaya. Yeye mwenyewe amekiri baadaye kwamba kwa miaka mingi, pamoja na sifa zote zile, aliuficha ule mkono mfukoni. Bingwa wa Olimpiki huyo, na mkono uko mfukoni.

Mwaka 1991 ndio uliokuwa wa moto. Alianza kwa kufungwa mechi 4 mfululizo, watu wakaanza kunong'ona kwamba arudishwe ligi ndogo. Akamaliza na ushindi 18, akipoteza 11, na kwenye kura za mrushaji bora wa ligi yao akashika nafasi ya tatu. Silaha yake ilikuwa mpira mmoja unaokuja kama umenyooka halafu dakika ya mwisho unakata na kumwingilia mpigaji wa mkono wa kulia kwenye mikono. Magongo yalikuwa yanavunjika kama vijiti vya kiberiti.

Mwaka uliofuata alirusha vizuri zaidi. Kwa kila raundi 9 aliruhusu wastani wa mikimbio 2.77, kiwango ambacho wengi wanakiota tu. Matokeo? Ushindi 7, kapoteza 15. Yaani unafanya kazi yako kwa asilimia zote, halafu wenzako hawafungi. Kipa kacheza mechi nzima, kaokoa kila kitu, kafungwa moja tu, na washambuliaji wanapaisha. Nani anaandikiwa kufungwa? Yeye. Mwezi Desemba 1992 Angels wakamuuza kwa Yankees.

Na Yankees ndio hao aliowakimbia Cleveland siku ile.

Turudi hapo sasa. Zamu yake iliyofuata ilikuwa Jumamosi ya tarehe 4 Septemba 1993, nyumbani, Yankee Stadium. Wapinzani? Walewale. Cleveland. Timu iliyomfanya akavae viatu vya kukimbilia ilikuwa imekuja kumalizia kazi, na ndani yake kuna Kenny Lofton mwenye mbio za swala, Albert Belle mwenye hasira zake, Carlos Baerga, na vijana wawili waliokuwa ndio wanaanza, Jim Thome na Manny Ramirez. Hao wawili miaka ya baadaye walikuja kuwa majina makubwa, kila mmoja alipita mipira 500 iliyovuka uzio.

Alianza vibaya. Mpigaji wa kwanza kabisa akamwachia apite bure. Kwa siku nzima aliwapa bure watu 5, kwa hiyo haikuwa siku ya ubabe. Aliowamaliza kabisa bila kugusa mpira ni 3 tu. Wengine wote waliupiga, na ukaenda kwa mwenzake fulani. Mpira unaelekea chini, kuna mtu. Unapaa, kuna mtu. Raundi ya saba Belle aliusindikiza mmoja chini kwa nguvu, kila mtu akajua hiyo ni hiti, Wade Boggs akajirusha mzimamzima, akaudaka, akainuka na kumtoa.

Raundi ya nane ilipopita bado hakuna hiti hata moja. Kwenye benchi watu hawakumsemesha. Hiyo ni mila yao, mrushaji akiwa kwenye hali ile huongei naye, humwangalii, hata maji humpi kwa kelele. Uswahilini tungesema wanaogopa kumtia kijicho.

Raundi ya tisa. Lofton akaingia, na cha kwanza alichofanya ni kujaribu kuugusa mpira udondoke mbele ya jamaa. Ule ujanja wa shuleni, miaka yote ile baadaye, mbele ya watu zaidi ya 27,000. Uwanja mzima ukamzomea. Mpira ukatoka nje ya mstari. Akaendelea, akatolewa. Wa pili akaupiga mrefu kweli, ukapaa kuelekea nyuma kabisa, watu roho juu, Bernie Williams akakimbia, akakimbia, akaupata. Wa tatu alikuwa Baerga. Huyu anapiga pande zote mbili, na kanuni inasema dhidi ya mrushaji wa kushoto unasimama upande wa kulia. Yeye akasimama upande wa kushoto. Aliogopa ule mpira unaokata. Akaupiga chini, kwa Randy Velarde, Velarde akarusha besi ya kwanza, basi.

4-0. Hakuna hiti. Kwenye picha za siku ile jamaa amenyanyua mikono, yote miwili, wa kulia ukiwa hauko mfukoni, na mdakaji wake Matt Nokes anamkimbilia.

Stori nyingi za Abbott zinaishia hapo. Filamu ya kuigiza ingeishia hapo, muziki unapanda, machozi. Ila kazi ya mtu haiishii kwenye siku yake nzuri, na kwa kweli anayeijua hiyo siku moja tu hamjui Abbott.

Mpira wake ulianza kupoteza kasi. Siyo jeraha, siyo starehe, ulipungua tu kidogokidogo, na mrushaji akipoteza spidi kidogo wapigaji wanajua kabla hata yeye hajajua. Akaenda Chicago White Sox mwaka 1995, katikati ya msimu akarudi Angels, nyumbani kwake kwa zamani, na wakampa mkataba wa miaka. Halafu ukaja mwaka 1996.

Ushindi 2. Kufungwa 18.

Soma tena hizo namba. Mara 18 anatembea kutoka kwenye kile kichuguu kichwa chini. Katikati ya msimu walimshusha ligi ndogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akiwa na miaka 28. Yule aliyeruka ngazi zote wakati wa kupanda, ngazi zikamsubiri wakati wa kushuka. Na watoto je? Waliendelea kuja. Ndiyo, waliendelea kusubiri kwenye korido, na yeye akaendelea kutoka kwenda kuwasalimia, sasa akiwa ametoka kufungwa mara ya 14, ya 15, ya 16. Yule wa kuwaambia kwamba inawezekana alikuwa anarudi hotelini bila kujua kama kwake bado inawezekana.

Machi 1997 Angels wakaachana naye ingawa mkataba ulikuwa unaendelea. Mwaka mzima akakaa nyumbani. Pesa ilikuwepo, jina lilikuwepo, angeweza kukaa tu akawa mtu wa kualikwa kwenye hafla. Mwaka 1998 akarudi, na hakurudi kwa mlango wa mbele. White Sox walimpeleka ngazi za chini za ligi ndogo, kwenye mabasi yale aliyoyaruka mwaka 1989, akipanda moja moja na vijana ambao wengine walikuwa shule ya msingi wakati yeye anashinda Seoul. Septemba wakampandisha Ligi Kuu. Akarusha mechi 5, akashinda zote 5.

Mwaka 1999 akawa Milwaukee Brewers, na hapo kukawa na kichekesho kidogo. Timu zile za mwanzo zilikuwa upande wa ligi ambako mrushaji hashiki gongo. Milwaukee wako upande wa pili, ambako wakati huo mrushaji lazima naye aingie kupiga. Kwa hiyo akiwa na miaka 31, wakati kazi inamponyoka, Jim Abbott akaanza kushika gongo kwenye Ligi Kuu kwa kiganja kimoja. Aliingia mara 21. Alipata hiti 2, zote kwa mrushaji mmoja, Jon Lieber wa Chicago Cubs. Maskini Lieber, alirusha vizuri miaka mingi lakini hilo halimtoki.

Kurusha kwenyewe kukagoma. Alishinda 2, akafungwa 8, na kabla msimu haujaisha timu ikamwachia. Hesabu ya misimu yake 10 ya Ligi Kuu ni ushindi 87, kupoteza 108. Kuna watu wakiziona hizo namba wanasema alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Ukifikiria vizuri, hicho ndicho alichokuwa anakidai tangu akiwa Flint. Apimwe kwa namba kama wengine.

Baadaye alipata watoto wa kike wawili. Siku moja alialikwa kwenye shule ya awali ya binti yake, ile siku ya wazazi kuja kueleza kazi zao. Akaongea kuhusu besiboli, watoto wakauliza maswali ya watoto. Halafu mkono mmoja ukanyooshwa, akaangalia, ni binti yake mwenyewe. Mtoto anaishi naye nyumba moja, amesubiri hadi wako mbele ya darasa zima. Akamwuliza baba yake kama anaupenda mkono wake mdogo.

Jamaa alinyamaza kidogo. Kisha akamjibu kwamba ndiyo, anaupenda. Na akaongeza kwamba haikuwa hivyo siku zote.